Goti la Bandia na Sahani ya Karanga

Siku ninayoikumbuka, mwanangu Zuhura, nilifikishwa hospitali hapa Mpanda kwa bajaji, nikashushwa nimeshikwa huku na huku kama bi harusi. Magoti yalikuwa yamekwisha. Kutoka dukani kwangu hadi msikitini ni karibu tu, lakini nilikuwa napumzika njiani, na kwenye kusujudu ndiko kwenye kazi yenyewe. Nikishuka siinuki mpaka mtu anivute.

Madaktari bingwa walikuwa wamekuja kuweka kambi. Mmoja wao, kijana mpole wa rika lako, alituita wenye magoti mabovu kwenye chumba kimoja atueleze habari za upasuaji wa kuweka goti la bandia. Akawasha mashine, ukutani zikatokea nguzo za rangi, fupi na ndefu. Akasema amewafuatilia watu waliofanyiwa upasuaji huo, na alama zao zimepanda sana. Tukatikisa vichwa. Mimi moyoni nilishajiona nipo safu ya mbele, paji la uso kwenye mkeka, naswali kama zamani.

Pembeni yangu alikaa Mama Nestori, mkulima wa Sibwesa, ambaye tangu asubuhi alikuwa ananitania, eti mwenye duka anaumwaje magoti na kazi yake ni kukaa. Yeye akanyoosha mkono.

“Daktari mwanangu, hizo alama ni za kufanya nini?”

“Kutembea bila maumivu, Mama. Kupanda ngazi. Kuingia na kutoka kwenye gari.”

“Kwetu hakuna ngazi. Mimi napalilia, nachuchumaa chooni, nakaa chini na wenzangu kwenye msiba. Hao watu wako wanachuchumaa?”

Alichojibu kijana ndicho kinachonifanya nimpende mpaka leo.

“Niliwauliza, Mama, ila jibu lao sikuliweka hapa. Nyie nisubirini kidogo.”

Akatoka, akarudi na sahani na karanga alizonunua getini. Akasema karanga moja ni mtu mmoja. Akazigawa mbele yetu. Fungu kubwa: hawa maumivu yamepungua, wanatembea. Fungu dogo: hawa bado wanaumwa. Pembeni kidogo, karanga chache mno: hawa kidonda kilipata maambukizi wakarudishwa chumba cha upasuaji. Halafu akasogeza nyingine hadi ukingoni mwa sahani.

“Hawa hawakurudi kliniki. Sijui hali zao.”

“Pengine hao ndo wanaoumwa zaidi,” Mama Nestori akasema.

“Pengine. Ndiyo maana siwachanganyi na waliopona.”

Kisha akaziacha zile za ukingoni, akazikusanya zilizobaki na kuzipanga upya kwa swali la kuchuchumaa na kupiga magoti chini. Wanaoweza vizuri akawaweka upande wangu. Walikuwa wachache, mwanangu. Nikauliza kwa sauti ndogo kama hapo ndipo ilipo na sijida.

“Ndipo hapo, mzee wangu. Huenda ukawa mmoja wa hawa, lakini usitegemee. Ukikubali, kubali kwa ajili ya kutembea.”

Iliniuma sana. Nililia, mtu mzima na ndevu zangu, mbele ya sahani ya karanga. Mama Nestori akachukua moja akanipa nile ninyamaze, daktari akamwambia taratibu, “Mama, huyo anayeliwa ni mgonjwa wangu.” Tukacheka wote, na mimi nikacheka na machozi yangu.

Mama Nestori alikataa upasuaji. Alitaka goti linalokunjika, hata kama linauma, akarudi Sibwesa na dawa zake na fimbo. Mimi nilikaa na lile jambo hadi nikalikubali, nikaenda hospitali kubwa, nikafanyiwa upasuaji, nikajifunza kutembea upya huku nikimnung'unikia yule wa mazoezi ya viungo. Katika wale wachache wa upande wangu sikuwemo.

Sasa tuje kwenye kazi yako ya udaktari, hiyo unayokwenda kuieleza mkutanoni. Jana uliponifungulia kompyuta hapa dukani, nguzo zako za magoti nilizisifu, na kweli zimepangika. Lakini nilijitafuta humo sikujiona. Umeandika wamefaulu, sema wamefaulu kufanya nini. Waliopotea njiani waonyeshe mahali pao, usiwafiche chini kwa maandishi ya kusoma kwa miwani. Na jambo ulilowauliza watu, wakakuamini wakakujibu, usiliache nje kwa sababu linaharibu mchoro. Madaktari wenzako watakupigia makofi kesho, sawa, ila maneno yako yatasafiri hadi kwa mtu aliyekaa kwenye benchi anajiuliza akubali goti lake lipasuliwe au aliache. Huyo ndiye unayezungumza naye.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi mwepesi na moyo usioogopa kusema sijui, na kila atakayekusikiliza aondoke anajua anachokwenda kukikubali. Nipe kofia yangu hapo, adhuhuri imefika. Mimi naswali kwenye kiti siku hizi, nyuma kabisa, na sina kinyongo na mtu, maana niliambiwa kabla. Bajaji usiite. Msikitini nakwenda kwa miguu yangu.