Miguu Kabla ya Nyuso

Mchoraji aliyeletwa kigangoni karibu na Ushirombo kuchora ukutani mwa kanisa Yesu akiwaosha mitume miguu, kila mtu alimwanzia miguuni. Nyuso aliziacha mwisho. Brashi aliifutia kwenye mkono wake wa kushoto, ukajaa rangi kama kitenge, na mwenye magaga, nyayo zilizopasuka, hakupita bila kuambiwa kwa upole, “Samahani mama, simama kidogo niyaone.”

Siku moja Mama Kamili, mfagiaji wa kanisa, alimwomba ampe Yuda sura ya jirani yake Donatus, aliyemsingizia mwanawe Kamili wizi wa ng’ombe mbele ya sungusungu, walinzi wa kijiji, kijana akakimbilia Geita, asirudi.

“Yuda ndiye yupi?”

Mchoraji akamwonyesha mwenye miguu inayochuruzika maji.

“Mbona naye kaoshwa?”

“Alikuwa bado hajatoka kwenda kumsaliti, mama.”

“Kwani Yesu hakujua?”

“Alijua.”

Mama Kamili akamtazama Yesu, aliyepiga magoti kama mwanamke anayeamkia wakwe. Mchoraji akachovya brashi, akaisogeza penye uso mtupu wa Yuda.

“Haya, nieleze. Huyo jirani ana macho gani?”

Macho ya Donatus aliyajua vizuri mno. Lakini alipofumbua kinywa, kilichotoka ni salamu, “Tumsifu Yesu Kristo,” kana kwamba ndiyo kwanza anaingia kanisani.