Kidonge cha Tatu

Siku ile naikumbuka, mwanangu. Mama yako amejikunja kitandani, hapahapa Kabungu, tumbo limevimba kama la mja mzito, anahema kwa shida. Mimba haikuwepo. Vidonge nilimpa mimi.

Tulikuwa na miaka minne ya ndoa bila mtoto. Marehemu bibi yako, Mungu amsamehe, kila siku alisema, "Jembe zima, shamba ndilo bovu." Maneno yake yalinichoma kweli! Nikaenda duka la dawa kule Shanwe, nikanunua vidonge vya kupevusha mayai, bila kipimo wala cheti cha daktari. Muuzaji akasema kimoja kwa siku. Mimi na kiherehere changu nikampa vitatu.

Nikamfunga mgongoni kwa kanga, tukapanda pikipiki hadi hospitali. Kila akinyamaza namwita jina. Niliogopa kugeuka nyuma, nisije nikamkuta amekata roho.

Nesi mmoja mtu mzima akanikazia macho. "We baba, unataka kuua! Ndani kabisa, kwenye kiini cha seli za ovari, kuna kipokezi, yaani kitu cha kupokea ujumbe. Homoni ikifika kwenye ovari, amri inatoka hapo: yai liachiliwe, na homoni ya kulinda mimba itengenezwe. Kama shida iko hapo, hata ummezeshe gunia la dawa, ovari zitavimba tu. Nyie si mnalima mpunga? Mlango wa jaruba ukiziba, unaongeza maji?"

"Unauzibua kwanza," nikajibu.

"Na wewe mwenyewe umeshapima?"

"Bado," nikasema. "Haya. Mficha uchi hazai," akasema, akarudi kwa mgonjwa.

Siku nne nililala sakafuni kando ya kitanda chake, naogopa hata kusinzia. Akapona, ashukuriwe Mungu. Tukapimwa wote wawili, daktari akatutibu taratibu, na wewe ukaja baadaye sana.

Sasa jana, shati lako likiwa kwenye kamba, nimeona pakiti kama ile mfukoni. Na mkeo tangu asubuhi anashika tumbo. Mwanangu, naogopa!

Usimpe tena hata kimoja. Mpeleke hospitali sasa hivi, na pakiti uende nayo, useme ukweli wote. Akishapata nafuu, mpimwe wote, na wewe uanze. Usimsikilize mtu anayemwita mkeo shamba. Majuto ni mjukuu, na mjukuu wa namna hiyo mimi simtaki.

Mungu awape mtoto kwa wakati wake. Na asipowapa, basi amwache mkeo akiwa hai. Haya, washa pikipiki.