Mabati ya Mlangoni

Mahali penyewe tulipaita Mlangoni. Ni upenyo kati ya majabali mawili, chini ya barabara ya pwani, mwendo wa miguu tu kutoka Posta. Unavaa miwani ya maji ukiwa bado mchangani, unaingia hadi kiunoni, unazama, na hapohapo chini kunafunguka ukuta wa matumbawe uliojaa samaki. Boti haihitajiki, ndiyo maana palipendwa. Jumapili maji yakijaa ungewakuta wenye maduka wa Kariakoo, wapagazi, wageni waliobeba mitungi ya hewa mgongoni, na akina mama wa Upanga wanaojifunza kuelea.

Jumapili moja tulikuta pamezungushiwa mabati. Mlinzi alisema panajengwa mgahawa wa juu ya maji, na kwamba yeye hajui zaidi. Wenzangu walimzonga kwa maswali. Mimi nilikuwa nikitazama kona za mabati yale. Kila bati lilikuwa na doa jekundu la brashi, na doa lile nilikuwa nikiliona kila siku ya kazi. Mtani wangu huyapaka mabati yake yote hivyo, yasije yakachanganyika na ya jirani yanapopangwa kando ya barabara.

Yeye ni Mnyamwezi, mimi Mzaramo. Utani tuliurithi, na maduka yetu yakawa yanatazamana, yeye akiuza mabati na misumari, mimi vipuri vya cherehani. Mke wangu alipofariki, yeye ndiye aliyevaa kanzu yangu, akashika bakora yangu, akaigiza ninavyolia mbele ya waombolezaji wote, mpaka nikacheka machozi yakinitoka. Hakuna mtu mwingine ambaye ningemruhusu.

Jumatatu nilivuka barabara.

“Mtani, mabati ya kule baharini umeuza wewe?”

“Nimeuza,” akasema. “Na bahari nimeuza. Nyinyi mmeuza mji mzima mkauchezea ngoma, leo unakuja kunifundisha biashara?”

Wafanyakazi wake wakaangua kicheko. Siku nyingine ningemjibu kwamba babu yake alifika pwani na pembe za ndovu kichwani, akayaona maji mengi, akauliza nani kamwaga. Siku ile nilirudi dukani kwangu, nikakaa nyuma ya meza, nikawa nampeleleza.

Ukishaanza kumshuku mtu, kila anachofanya kinakuwa ushahidi. Nilimwona akinywa kahawa na mtu wa kampuni inayojenga mgahawa, mwanamume wa shati lililonyooshwa vizuri. Nilimwona akiongea na simu huku amegeukia ukutani. Alipopita bila kunitukana, nilisema ana aibu. Aliponitukana, nilisema anajificha.

Tukatangaziwa mkutano wa maoni kabla ya kibali kutolewa. Kila kundi lingeteua wasemaji wake watatu. Mimi nilikuwa kiongozi wa wazamiaji, nikawaambia wenzangu mtani wangu asihusishwe, kwa sababu amekiri kwa kinywa chake. Mama mmoja wa Upanga, anayewafundisha wenzake kuogelea, alinikazia macho.

“Mzee, huo si utani wenu tu?”

“Utani una mipaka,” nikasema.

Hauna. Hata mtoto mdogo anajua hivyo. Neno la mtani halishikwi, wala halipelekwi barazani. Nililijua hilo tangu sijaanza shule, na bado nililipeleka.

Siku ya mkutano, mtu wa shati lililonyooshwa alisimama akaeleza kwa upole. Wanaopatumia ni wachache, alisema, tena Jumapili tu. Kusi ikivuma hawaji kabisa, kwa sababu maji yanachafuka.

Maneno yale yalikuwa yangu. Wiki chache kabla ya mabati, mtu huyo alikuja dukani kununua mkanda wa cherehani. Alinipa shikamoo ya heshima, akasema mwili wangu hauonyeshi umri. Basi nikamweleza jinsi ninavyozama, siku tunazokwenda na msimu tunaopumzika, bila kujiuliza kwa nini anataka kujua.

Wasemaji wetu wawili walikuwa wameshamaliza, nafasi ya tatu ilikuwa wazi. Mwenyekiti akaniuliza, “Yupo mwingine?”

Mtani wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi pamoja na wapagazi kadhaa, mashati yao yakiwa na vumbi la mizigo. Alinitazama. Nikawaza: sawa, maneno ni yangu, lakini mabati ni yake. Nani ajuaye atasema nini?

“Hatuna mwingine,” nikasema.

Nje alinishika mkono.

“Ulidhani ningesema nini?”

“Mabati, mtani.”

“Mtu kaja na hela, nimemuuzia bati. Wewe ukiuza mkanda, unamuuliza mteja anakwenda kushona nini?” Akawaonyesha wale wapagazi. “Hawa wanazama pale kila siku ya kazi wakishashusha mizigo. Kusi, kaskazi, wamo majini. Kahawa uliyoniona nayo, niliinywa nimwambie yule bwana ayaondoe mabati yangu. Leo nimewaleta watu waseme. Wewe unasema hatuna.”

Niligeuka kumtafuta mwenyekiti. Gari lake lilikuwa limeshaondoka.

Kibali kimetolewa. Nguzo za kwanza zimesimikwa, na tope la ujenzi linashuka juu ya matumbawe. Tukizama sasa hatuoni hata mikono yetu. Bado tunaingia kwa kupitia ubavuni mwa mabati, maji yakipwa, lakini wamesema jukwaa la mgahawa likikamilika upenyo utafungwa. Tumekata rufaa, na tutaitwa kusikilizwa.

Mtani hanitukani tena. Asubuhi anafungua duka, ananisalimu vizuri, ananiuliza habari za nyumbani. Juzi nilimpigia kelele kutoka ng’ambo ya barabara kwamba leo amevaa viatu, kumbe kwao vimefika. Akasema, “Asante, mzee,” akaendelea kupanga mabati.

Kwenye rufaa nimewaomba wenzangu aseme yeye, mimi nikae kimya. Yule mama wa Upanga alikwenda kumwuliza. Amejibu kwamba atafikiri.