Majembe Yaliyobaki Ukutani

Siku hizi mtu akiniambia nilinde amani yangu, namwomba tubadilishe mazungumzo kabla sijamjibu vibaya. Maneno hayo aliyaleta mume wangu nyumbani kwetu Tunduma, siku aliyotoka kwenye semina ya kujitambua iliyofanyika katika ukumbi wa hoteli moja kando ya barabara ya malori. Alikwenda kwa sababu mwenzake wa kazi, wakala wa forodha kama yeye, alikuwa na tiketi ya ziada. Akarudi na begi la kitambaa, chupa ya maji yenye maandishi, na uso wa mtu aliyefunuliwa siri.

Nisiseme uongo, mwanzoni nilifurahi. Mume wangu alikuwa mtu wa bia na makelele. Kazi ya mpakani inachosha: malori yamepanga foleni mpaka huko Mpemba, madereva wanakusema kwa Kibemba, mtandao umekata, na mwenye mzigo anakupigia simu kutoka Lusaka kana kwamba mtandao umeukata wewe. Hasira zote hizo alikuwa anakuja kuzimwaga nyumbani. Baada ya semina bia aliacha. Akawa anaamka alfajiri, anatandika mkeka sebuleni, anakaa kimya macho yamefungwa, anavuta pumzi na kuishusha. Alisema anajifunza kuishi kwa utulivu, kuiona siku badala ya kuikimbiza. Watoto wakaacha kujificha chumbani wakisikia geti. Ningekuwa mjinga kulilalamikia hilo.

Ubaya ulianzia kwenye watu hasi. Mhamasishaji wao aliwafundisha kwamba mtu anayetaka kuwa toleo bora la nafsi yake, eti toleo, kama gazeti, lazima awapunguze watu hasi na aepuke mahali panapomnyonya nguvu. Wenzake sijui walimpunguza nani. Mume wangu alipunguza misiba.

Alinieleza kwa ile sauti yake mpya ya upole, sauti ambayo nilikuja kuichukia kuliko makelele ya zamani. Msibani, alisema, watu wanalia, wanasengenyana, wanakula, wewe unatoka umechoka roho, na marehemu hafufuki. Yeye atakuwa anatuma rambirambi kwa simu. Nikamuuliza kama na kaburi atakuwa analichimba kwa simu. Akatabasamu, akasema ameiona hasira yangu na anaipokea. Hivyo ndivyo walivyofundishwa kujibu. Nilitamani kumrushia mwiko.

Kwao ni Isansa, kwenye kahawa. Baba yake alishatangulia, mama yake alibaki kwenye nyumba yao, na yeye ndiye mtoto wa kiume pekee. Kule kijijini msiba una kazi mbili, na kila kazi ina wenyewe. Wanawake wanaleta kuni, maji na unga, wanapika, wanalala na wafiwa. Wanaume wanachimba kaburi. Mfiwa hagusi jembe. Wanaochimba ni majirani, na kila nyumba inatoa mwanaume wake. Mwanaume wa nyumba ya mama mkwe alikuwa mume wangu. Kuishi Tunduma si kisingizio, maana ukitoka asubuhi unafika kabla jua halijakaza.

Jirani yao wa ng'ambo ya shamba alipofiwa na mkewe, mama mkwe alipiga simu mwenyewe. Mume wangu alituma rambirambi na ujumbe wenye picha ya ua. Mimi nilipanda gari hadi Vwawa, nikachukua bodaboda, nikafika nikajifunga kitenge kiunoni na kuingia jikoni. Wanawake waliniuliza mwenzangu yuko wapi. Nikasema malori yamekwama mpakani. Msiba uliofuata nikasema hivyo hivyo. Baada ya hapo hawakuniuliza tena, na kule kutoulizwa kulinichoma kuliko swali lenyewe.

Mama mkwe goti lilikuwa limeshaharibika, lakini sikuwahi kusikia msiba aliokosa. Alikuwa anakwenda na unga wake kichwani na fimbo mkononi, akifika anakaa mkekani karibu na mfiwa, hatoi ushauri, hasemi la Mungu wala la watu, anakaa tu mpaka yule mtu aliye karibu naye apate kulia vizuri. Hakujua neno lolote la semina. Siku moja tukimenya viazi aliniambia, bila kuinua uso, kwamba mwanawe amekuwa mtu wa kuchagua wa kuwazika. Maneno hayo nilimfikishia mwenyewe. Akasema mama ni wa kizazi kile, tumwelewe.

Mama mkwe alifariki msimu wa kuchuma kahawa, baridi ikiwa ile ya kuuma masikio. Tulifika asubuhi, ukungu haujaondoka kwenye migomba. Upande wa wanawake kazi ilikuwa imepamba moto. Kuni zimerundikwa, mapipa ya maji yamejaa, masufuria yako jikoni, na wanawake walinipokea kwa kilio, wakanishika mikono, wakaniingiza ndani alikolala mama. Mmoja alinifunga kitambaa kichwani kwa sababu changu kilikuwa kimeanguka njiani na mimi sina habari.

Upande wa wanaume nao walikuwa wamekuja. Nawapa haki yao, hakuna aliyekosa. Walikaa chini ya turubai, wengine kwenye magogo, wamejifunika makoti, wanaota moto. Majembe, sururu na mabeleshi yalikuwa yameegemezwa kwenye ukuta wa stoo ya kahawa. Mahali pa kaburi palishaonyeshwa, pembeni ya kaburi la baba mkwe. Mazishi yalikuwa alasiri, mchungaji na kwaya walishapewa taarifa. Jua likatoka, ukungu ukaisha, chai ikanywewa. Hakuna aliyeinuka.

Mimi nilielewa kabla ya mume wangu. Yeye alikuwa anazunguka anashika watu mikono. Mwishowe alimsogelea mzee anayesimamia misiba ya kitongoji, akamwinamia, akamuuliza kwa heshima kama kuna kitu kimepungua, labda vifaa.

"Vifaa vipo, baba," mzee alimjibu. "Sisi tumekuja kukaa na mfiwa. Tunakaa."

Hapo ndipo mume wangu alipofanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka mwili unanisisimka. Kwa ile sauti ya semina alisema kwamba kama wazee wamechoka, yeye haoni shida, atawaita vijana wa kijiwe cha bodaboda awalipe wachimbe. Alidhani anawapunguzia mzigo. Kule kaburi la kulipia ni la msafiri aliyekutwa amekufa barabarani. Alikuwa amemwita mama yake mtu asiye na watu, mbele ya watu wake wote, na hakujua. Mzee aliinamisha kichwa akachokonoa moto. Wengine walitazama vikombe vyao.

Akatoka pale kwa adabu, nikamfuata. Nilimkuta nyuma ya jiko, kwenye migomba, amesimama wima, macho amefunga, mkono mmoja kifuani. Anavuta pumzi. Anaishusha.

"Mama yako yuko kwenye jeneza," nikamwambia, "na wewe uko huku unapumua."

Alisema anahitaji dakika chache tu arudi kwenye utulivu. Nikamwambia arudi kwenye msiba. Sikupaza sauti, maana wanawake walikuwa karibu, lakini nilimwambia yote niliyokuwa nimeyameza tangu siku ya lile ua la kwenye simu. Kwamba nimemdanganyia mpaka nimechoka. Kwamba amani yake anayoilinda imelipiwa na goti la mama yake. Kwamba watu hasi aliowapunguza ndio wale waliokaa pale nje, na leo wamemkubalia, wamepungua. Hakuniambia ameiona hasira yangu. Alifumbua macho, akanitazama kama mtu aliyeamshwa garini kituo kikiwa kimeshapita.

Nikamwacha, nikaenda chini ya turubai. Mwanamke haendi kuwasemesha wanaume habari ya kaburi, sembuse mkwe. Nilikwenda. Nilipiga magoti, nikapiga makofi taratibu kama inavyotakiwa, nikawasalimu. Nao wakaitikia salamu yote mpaka mwisho, nyumbani hamjambo, watoto wazima, safari nzuri, na mimi nikajibu yote, nimekaza meno. Kule hata ukiwa umekuja kugomba, salamu inatangulia.

"Baba zangu," nikasema, bado nimepiga magoti, "mwenye kosa yuko nyuma ya jiko. Aliyelala ndani hakuna kaburi la hapa ambalo hakulilia. Kama mnamwadhibu mwanawe, mzikeni mama kwanza, yeye mtampata hata kesho. Kama mnamwadhibu mama, niambieni alimkosea nani."

Mmoja alikohoa. Nilikuwa na hasira na mume wangu, lakini hapo nilikuwa na hasira nao zaidi, watu wazima, wenye ndevu, wanaoshikilia maiti ya bibi kizee kama dhamana. Na kilichonikera kabisa ni kwamba ndani ya moyo wangu niliona wana haki.

Mzee hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia.

"Mkwe, wewe umefika kila mara," alisema. "Ndiyo maana jikoni moto unawaka. Ila jembe si lako."

Nilibaki nimepiga magoti mpaka nikasikia hatua nyuma yangu. Mume wangu alikuwa ametoka kwenye migomba, sijui amesikia kiasi gani. Alivua koti, akaliweka juu ya gogo. Alikwenda ukutani, akachukua sururu, akapita katikati ya kahawa kwenda mahali palipoonyeshwa.

Jikoni kelele zilikatika. Mtoto kumchimbia mama yake kaburi ni jambo ambalo wale wanawake walikuwa hawajaliona. Mmoja alijifunika uso kwa kanga. Nilisimama kwenye mstari wa mwisho wa mibuni, mahali ambapo sikutakiwa kusimama, na hakuna aliyeniondoa.

Udongo wa wakati ule ni mkavu, sururu ilikuwa inadunda. Ile ni mikono ya kuandika kwenye kompyuta. Muda si mrefu viganja vilichubuka, akawa anavifuta kwenye shati lake jeupe, na shati likawa halitazamiki. Wanaume walikuja wakasimama kando, wamefunga mikono nyuma, wanatazama. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesaidia. Nilihesabu hao wote moyoni nikaapa sitawasamehe, na papo hapo nilikuwa nasema kimyakimya, chimba, chimba.

Shimo lilipomfika magotini alisimama kupumzika, akatazama kaburi la baba yake pale pembeni. Alilia. Tangu semina sikuwahi kumwona analia, wala kucheka vizuri, kila kitu kilikuwa cha kipimo. Sasa alilia kwa sauti, makamasi yanatoka, ameegemea mpini, anaita mama kama mtoto aliyepotea gulioni. Hakuna pumzi aliyoweza kuivuta.

Aliyeingia shimoni alikuwa yule jirani wa ng'ambo ya shamba, aliyefiwa na mkewe akatumiwa ua. Sikutegemea yeye. Aliteremka polepole, akashika ule mpini.

"Toka humo," alimwambia. "Nenda ukakae na mama yako."

Wengine wakafuata. Majembe yakatoka ukutani yote, wakapokezana bila maneno, na mchungaji alipofika kaburi lilikuwa tayari, kingo zimenyooshwa vizuri. Tulimzika mama mkwe alasiri kama ilivyopangwa. Kwaya iliimba. Nilimlilia kwa uchungu, na kwa hasira pia, sikuweza kuvitenganisha.

Baada ya mazishi watu walikaa kula. Mimi nilikuwa napita na jagi na beseni, nanawisha wanaume mikono. Nilipofika kwa yule jirani nilimkuta mume wangu ameshamfikia, amechuchumaa mbele yake, viganja vimefungwa vitambaa. Nilidhani anaomba radhi. Nikasikia anasema kwamba leo amejifunza jambo kubwa sana katika safari yake, kwamba anahisi amekua, na kwamba anawashukuru kwa funzo walilompa. Udongo juu ya mama yake ulikuwa bado haujatulia, na mama alishageuzwa kuwa somo.

Jirani alimsikiliza mpaka akamaliza. Alinyoosha mikono juu ya beseni, nikammiminia maji, akanawa bila haraka, akajifuta kwenye suruali.

"Leo tumemzika mama yako," alisema. "Alikaa na mimi siku nilipofiwa na mke wangu. Wewe siku yako ikifika, kama tutachimba au hatutachimba, hilo bado hatujakubaliana."

Kisha akavuta sahani yake akaanza kula. Mume wangu alinigeukia, anatafuta kwangu la kusema. Nikainua beseni, nikasogea kwa mtu aliyefuata.