Harusi ya Dada na Honi ya Baba

Siku hizi nyumba yetu ya Miyuji imepoa. Dada yuko Singida kwa mume wake, na kile kioo tulichokuwa tukigombania kila asubuhi sasa ni changu peke yangu, wala hakinifurahishi. Pikapu ya baba ikiingia uani na vitaa vyake vyekundu na vya bluu kuzunguka bodi, mimi hukumbuka wiki ile ya mwisho kabla dada hajaolewa. Naandika sasa, maana mwakani nami namaliza shule, na baada ya hapo sijui nitakuwa wapi.

Vile vitaa ni LED. Wakati huo ndiyo kwanza vilikuwa vimeingia Dodoma, vikija na mizigo ya Dubai pamoja na redio na saa za plastiki. Baba, ambaye kazi yake ni kubeba zabibu za watu wa Makutupora, alivipenda mno. Alifunga mkanda mzima, kisha akatuita wote nje tuje kuona.

Shida ilianza kwenye harusi ya binamu yetu, pikapu ilipobeba wapiga matarumbeta. Msafara wa harusi hauna haraka. Taa zinawashwa, indiketa zote zinapepesa, mnauzunguka mji kwa mwendo wa kutembea ili kila mtu aone. Basi katikati ya mji pikapu ikazimika, na stata haikutoa hata mlio. Wapiga matarumbeta wakashuka kusukuma, mmoja ngoma bado iko shingoni. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Kwa hiyo harusi ya dada ilipokaribia, kamati ilikutana sebuleni kwetu na baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, akalianzisha.

“Kaka, lile ni gari au mti wa Krismasi? Vile vitaa vinakunywa betri. Ama uvitoe, ama tukodi gari jingine la kutangulia.”

“Mwacheni na disko lake,” shangazi akasema, watu wakaangua kicheko.

Baba alikuwa anazungusha funguo kidoleni, akiangalia sakafu.

Dada alinivuta koridoni. “Nataka gari la baba ndilo linitangulie. Ndilo lililonipeleka bweni, ndilo lililonirudisha nilipougua. Wewe si unasoma fizikia? Sema kitu.”

“Mbele za watu?”

“Basi sema nyuma ya watu!”

Mimi hata kuomba chumvi mbele ya wageni naona aibu, bora nile ugali na mboga isiyo na ladha. Lakini kesho yake nilipotoka shule nilimwambia baba twende Kizota kwa fundi wake wa umeme wa magari, tukapime vitaa kabla ya kuvitoa.

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Unachukua wati, unagawanya kwa volti, unapata ampea, yaani umeme unaovutwa. Kwenye boksi la vile vitaa waliandika wati ishirini na nne. Betri ni volti kumi na mbili. Kwa hiyo ampea mbili. Niliitamka kwa sauti ndogo, fundi akachomoa fyuzi ya vitaa na kuweka nyaya za mita mahali pake, ili umeme wote upitie humo. Mita ikaonyesha pungufu ya mbili.

“Mmeona?” baba akasema. “Vinaonewa bure hivi.”

Tukaendelea. Taa kubwa, wati hamsini na tano kila moja, zote mbili zilivuta ampea tisa na kitu. Indiketa zote nne ni kama saba zikiwaka, ila nusu ya muda zimezimika. Fundi akasema dainamo, ile inayochaji betri, inaumudu mzigo huo hata gari likinguruma limesimama, japo kwa tabu.

Sasa nani alikunywa betri? Mimi nilipanda nikakaa kwenye siti, nikajaribu kuirudia harusi ya binamu, nilipokuwa nimekaa hapo hapo. Vumbi. Vigelegele vya mama nyuma yangu. Baba na mkono mmoja kwenye usukani, na mkono mwingine...

“Na honi?” nikasema.

“Umesemaje, binti?” fundi akauliza.

“Honi. Hatujaipima.”

Honi ya baba si honi ya pikapu. Ni ya lori, ya upepo, ina pampu yake ya umeme, na kwenye harusi ya binamu hakuiachia tangu kanisani. Fundi alikataa kuiunganisha kwa mtindo ule wa fyuzi. “Pampu hiyo itaniunguzia mita.” Badala yake akashika nyaya za mita juu ya betri, asome volti. Injini ikinguruma, taa zote zikiwaka, baba akabonyeza. Volti zikashuka chini ya kumi na mbili, na taa kubwa zikageuka njano kama kibatari. Akaachia, volti zikapanda: honi ndiyo iliyokuwa ikinywa betri.

Baba alizima gari.

“Kwa hiyo nimwoze binti yangu kimya kimya? Msafara wa taa bila honi ni wa msiba, mama. Watu watavua kofia barabarani.”

Ni kweli, ndivyo tunavyosindikiza maiti.

“Taa kubwa usiwashe, jua litakuwepo bado,” nikamwambia. “Vitaa vyako viache. Honi piga, ila uiachie, betri ipumue.”

“Nani ataniachisha? Mimi najijua.”

“Nitakaa mbele na wewe.”

Baba mdogo alikubali kwa shingo upande. “Ikizimika, kaka, naipita. Sisimami.”

Jumamosi ile tulitoka kanisani tukitangulia, vitaa vinakimbizana kwenye bodi, matarumbeta juu yetu yakipiga kwa nguvu zote, dada nyuma kwenye gari la maua. Baba alibonyeza kidogo, akaachia. Kila mara mkono wake ulirudi kwenye honi, akaniangalia.

“Sasa?”

“Bado, baba.”

Tulipopita pale ilipozimika mara ile niliinama mbele. Nilisikiliza injini kama mtu anayesikiliza mtoto mwenye homa. Tukapita.

Kwenye geti la ukumbi akasimama. “Sasa?”

“Sasa, baba. Mpaka uchoke.”

Akabonyeza. Dada aliteremka, na badala ya kuutazama ukumbi aligeuka kuitazama pikapu, akacheka huku machozi yakiharibu poda yote. Mama alipiga vigelegele. Baba hakuachia mpaka shela lilipopotea mlangoni, na alipoachia, injini ilikuwa bado inanguruma. Tukakaa mle ndani kidogo, mimi na yeye, vitaa vikiendelea kukimbizana bila mtu wa kuvitazama.

Juzi asubuhi nilikuwa uani nimevaa sare, naye anawasha gari kwenda Makutupora. Akatoa kichwa dirishani, mkono kwenye honi.

“Sasa?”

“Bado, baba,” nikamwambia.

Akacheka, akatoka getini bila kuipiga.