Njaa Ipi?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeijua pumzi yetu ya mwisho kabla hatujavuta ya kwanza, akatuficha hesabu yake, na katika kutuficha akatuhurumia. Namshukuru kwa yaliyonipata, hata yale niliyoyasababisha mwenyewe.

Dada yangu ni mkulima wa mbaazi huko Kondoa, amenizidi miaka minne. Mimi siku hizi naishi Msalato, hapa Dodoma, na wanangu. Mwaka juzi, baada ya mavuno, alikuja kunisalimia. Asubuhi ya tatu aliteleza uani akienda kutawadha, akaangukia ubavu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mdogo wangu, mguu haunitii."

Hospitalini picha ilionyesha kwamba mfupa wa nyonga umevunjika. Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye adabu. Alinipa shikamoo, nikamwitikia, kisha akalitazama faili muda mrefu.

"Mzee, mfupa huu unataka upasuaji," alisema. "Lakini bibi ana miaka tisini na moja. Kwa umri huo moyo unaweza usihimili dawa ya usingizi. Na ukihimili, sidhani kama amebakiwa na muda wa kuufaidi mguu wenyewe. Ushauri wangu, rudini naye nyumbani. Nitawapa dawa za maumivu."

"Bila upasuaji atatembea?"

"Hapana, mzee."

Dada yangu alikuwa amelala pale pale, tukidhani kasinzia. Akafumbua jicho moja. "Nani ana tisini na moja?"

"Kadi yako ya kitambulisho ndiyo inasema, bibi."

"Basi ipasueni hiyo kadi kwanza, kisha mnipasue mimi."

Daktari alicheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimekumbuka.

Siku ile ya kuandikishwa vitambulisho, huko Kondoa, tulipanga foleni uwanjani tangu asubuhi. Dada anapenda kusema Kirangi, lugha ya kwetu, kwa hiyo nikawa mkalimani wake. Karani, kijana mgeni kwetu, aliuliza, "Bibi alizaliwa mwaka gani?" Dada akajibu, nami nikatafsiri, "Mwaka wa njaa." Yule karani alikuwa na karatasi yenye orodha ya matukio makubwa na miaka yake. Akauliza, "Ile njaa kubwa?" Nikasema ndiyo. Adhana ya Alasiri ilikuwa imeshalia, na akili yangu ilikuwa msikitini. Sikuuliza, njaa ipi? Kwetu nyanda hizi za kati mvua ikikosa inakosa kweli, na kwa kila mtu njaa kubwa ni ile iliyoikuta nyumba yake. Karani aliandika njaa ya zamani zaidi, iliyotangulia ya kwetu kwa miaka kumi na mitano. Kwa kadi ile, dada yangu na mama yetu aliyemzaa walibebwa mgongoni wakati mmoja, wote wachanga.

Nilimweleza daktari. Akasema, "Mzee, nakuamini, lakini nikimlaza mtu mezani nataka zaidi ya maneno. Una maandishi yoyote?"

Nilikuwa nayo, ila hayakuwa karibu. Marehemu baba alikuwa akiandika vizazi vyetu kwenye ukurasa wa mwanzo wa msahafu wake, kwa herufi za Kiarabu. Msahafu huo umo kwenye sanduku la dada, Kondoa. Kabla sijaondoka niliinama kitandani nikamwambia kwamba kosa ni langu, nilikuwa nakimbilia sala.

"Mungu hatakuandikia dhambi kwa kuwahi sala," alisema. "Mimi nakuandikia. Nenda."

Nilipanda basi. Njia nzima hadi Chemba, na kutoka Chemba hadi Kondoa, nilimwomba Mola asimlaze dada yangu kitandani maisha yake yote kwa sababu ya neno langu moja. Nilifungua sanduku, nikatoa msahafu uliofungwa kwa kanga, nikarudi Dodoma kesho yake.

"Nisomee kwa sauti," daktari aliniambia. Nikasoma, "Amezaliwa mtoto wa kike, Jumatatu, mwezi wa Rajabu, katika njaa kubwa." Nikasita. Hata baba!

"Kumbe ni ugonjwa wa ukoo," dada alisema.

Lakini baba, Mungu amrehemu, alikuwa ameongeza mwaka wa Kiislamu kwa tarakimu. Nikahesabu kwa vidole mbele ya daktari. Kwa miaka ya mwezi, sabini na minane. Kwa miaka ya jua, ambayo ni mirefu kidogo, sabini na sita.

Daktari alilifunga faili. "Nimeisoma kadi kabla ya kumsoma mgonjwa," alisema. "Lakini sabini na sita nayo si utoto. Tuupime moyo."

Moyo ulipimwa. Ukakutwa mzima, moyo wa mtu aliyepanda na kushuka milima ya Kondoa na mzigo kichwani. Akapasuliwa. Nilikaa nje na tasbihi mpaka nikaitwa, nikamkuta anaomba uji na kulalamika kwamba hauna sukari.

Siku ya kuruhusiwa nilimuuliza daktari, "Sasa unadhani ataishi miaka mingapi?"

"Mzee, hilo kaulize kule unakouliza mara tano kwa siku."

Alinipa jibu la haki. Sisi tumeshapita umri waliofikia wengi wa rika letu. Kilichobaki ni nyongeza, na nyongeza haidaiwi, hushukuriwa tu. Dada anatembea kwa mkongojo. Msimu huu amepanda mbaazi, akavuna, akaniletea gunia. Niliposema twende tukairekebishe ile kadi, alikataa katakata.

"Iache. Watu wakiniona nalima na miaka tisini na kitu, wananisaidia kupalilia."

Nikamwambia huo ni udanganyifu. Akasema basi atawaambia ukweli wakishamaliza kupalilia. Nikasema astaghfirullah, na tukacheka mpaka tukafuta machozi.

Nawe unayesoma, Mwenyezi Mungu akupe umri usiouhesabu kwa hofu, miguu inayokutii mpaka siku yako, na ndugu anayejua ulizaliwa njaa ipi. Amin.