Kompyuta Iliyopigiwa Baragumu

Losivale haoni haya kujisifu, na sisi tunaomjua hatumlaumu. Mwanamke anayetunza mtambo wa maji wa kijiji kizima hapa kisiwani Savaii akikwambia, "Bila mimi mngekunywa maji ya bahari," utamjibu nini? Kunywa kakao yako, unyamaze.

Lakini yalimfika. Asubuhi moja tangi la mlimani lilikutwa tupu. Kompyuta inayoendesha pampu ilikuwa imechezewa mipangilio, maji yote yakamwagikia kwenye mashamba ya majimbi. Baraza la machifu likatoa neno: likitokea tena, Losivale anavuliwa ufunguo wa mtambo.

"Nivuliwe mimi!" alifoka. "Ufunguo ninao shingoni! Aliyeingia hakupita mlangoni."

Na kweli, alipita kwenye mtandao. Kompyuta ile ilikuwa na huduma inayomwezesha mtu wa mbali kuingia na kugeuza mipangilio, na aliyeiwasha ni Losivale mwenyewe. Chifu Tautalafua alitaka mwanawe Ioane, aliyeko ng'ambo huko Auckland, awe anachungulia mtambo. Ombi la chifu unalikataaje? Tena sisi watu wa nyumba zisizo na kuta, kufunga tumejifunzia wapi? Ioane naye, asiyejua kufunga mdomo, akawagawia marafiki zake neno la siri, nao wakaingia kuchezea.

Losivale aliumia, lakini hakukaa kulia. Aliizima ile huduma isiweze kuwaka tena yenyewe, akabadilisha neno la siri, na ruhusa ya kugusa mipangilio akamwachia mtu mmoja tu: yeye, akiwa amekaa kwenye kiti kile kile.

Jioni Chifu Tautalafua akaja mbio nyumbani kwa Losivale.

"Mwanangu kafungiwa nje! Yaani wewe binti unanifungia mlango mimi?"

"Mzee wangu, heshima yako iko palepale. Ila sifungui."

"Kichwa kigumu kama jiwe la jikoni!"

"Jiwe la jikoni ndilo linaloivisha chakula, Mzee."

Chifu akageuka aondoke kwa hasira. Hajafika barabarani, baragumu la sala ya jioni likalia. Likishalia, hakuna anayekanyaga barabara mpaka sala iishe. Vijana wamesimama njiani kuzuia watu. Chifu akarudi mkekani, akaketi.

"Kumbe hata wewe, Mzee?" Losivale akauliza.

"Hata mimi. Baragumu halina cha chifu."

"Basi na kompyuta yangu nimeipigia baragumu."

Chifu akainamisha kichwa. Alisali, akaondoka, na Losivale hakujua kama kesho angeamka na ufunguo wake.

Kesho yake barazani simu ya chifu ikaita, sauti ya Ioane ikasikiwa na wote: "Baba, huyo mama bado kanifungia! Mwamuru afungue!"

Macho yote yakatua kwenye ufunguo shingoni mwa Losivale. Chifu akakohoa.

"Ioane, baragumu limeshalia. Kaa huko huko uliko."